Aurelia Rogers na Chimbuko la Msingi

Jumapili ya tarehe 25 Agosti 1878, watoto 224 waliingia katika kanisa la mawe la Farmington, kijiji cha wakulima katika Utah, magharibi ya Marekani. Aliyewapokea alikuwa mama wa miaka 43 ambaye darasani alikaa kidogo tu, na hakuwahi kusomea ualimu wala uongozi. Jina lake Aurelia Spencer Rogers. Mkutano wa siku ile ndio uliozaa chama cha watoto cha Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kanisa ambalo wengi wetu tunalijua kwa jina la Wamormoni. Kwa Kiswahili cha waumini wake, chama hicho huitwa Msingi.

Msomaji wa Mautuma ana sababu ya kuisikiliza habari hii hata kama hajawahi kukanyaga kanisa la Wamormoni. Mautuma, kama sehemu kubwa ya Lugari, magharibi mwa Kenya, ni nchi ya skimu za makazi. Baada ya uhuru, familia kutoka Maragoli, Tiriki, Kabras, Bukusu na kwingineko zilikuja kugawiwa mashamba yaliyokuwa ya walowezi wa Kizungu, zikaanza maisha kwa mahindi na ng'ombe wa maziwa. Zilikuja na dini zao. Wa Kanisa la Marafiki, lile lililofika Kaimosi mwaka 1902, waliendelea kuwa Marafiki. Wakatoliki na wengineo vilevile. Katika mahali kama hapo, ambapo jirani yako hakuzaliwa karibu na ulipozaliwa wewe, swali la nani atawalea watoto wa kijiji huja mapema. Shangazi na nyanya wako mbali, mila za kule nyumbani zimebaki njiani, na baba na mama wako shambani toka alfajiri. Farmington nayo ilikuwa makazi ya wahamiaji. Wamormoni walianza kulima pale mwishoni mwa miaka ya 1840, katika ardhi ambayo kabla yao ilikuwa ya Washoshone na Waute, na miaka 30 baadaye swali hilohilo liliwakabili.

Lakini Aurelia alikuwa amelijua swali hilo tangu utotoni mwake, na hapo ndipo historia ya Msingi inapoanzia kwa kweli.

Alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1834 katika mji wa Deep River, jimbo la Connecticut. Baba yake, Orson Spencer, alikuwa mchungaji wa Kibaptisti, mtu msomi aliyehitimu chuo na seminari. Mwaka 1841 yeye na mkewe, Catherine Curtis, walijiunga na Wamormoni, wakahamia Nauvoo katika jimbo la Illinois, na kwa uamuzi huo wakawekwa kando na jamaa zao. Mapema mwaka 1846 Wamormoni walifukuzwa Nauvoo kwa vitisho na mabavu, wakavuka mto Mississippi wakati wa baridi kali, wakalala katika mahema na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Catherine alikuwa mgonjwa tangu kabla ya safari. Alifariki mwezi Machi njiani, mvua ikinyesha, na mwili wake ukarudishwa Nauvoo kuzikwa. Aurelia alikuwa na miaka 11.

Familia ilifika kambi iliyoitwa Winter Quarters, kando ya mto Missouri, na Orson akajenga kibanda cha magogo. Kisha kanisa likamwita aende Uingereza kuhariri gazeti lake la huko. Akaitika. Akawaacha watoto wake sita katika kibanda kile: Ellen, mkubwa wao, aliyekuwa na miaka 14; Aurelia mwenye 12; halafu Catherine, Howard, George na Lucy. Jirani mmoja, James Bullock, na mkewe waliombwa kuwaangalia. Vinginevyo, nyumba ilikuwa mikononi mwa wasichana wawili.

Wakati wa majira ya baridi ya kwanza farasi wao walikufa, na ng'ombe wao wengi pia, kwa hiyo maziwa na siagi vikapungua. Chakula kilikuwa cha shida. Walipika, wakafua, wakauguza wadogo wao, wakajifunza kuomba peke yao. Wakati fulani ilivuma habari kwamba baba yao amefia Uingereza, wakaishi na uvumi huo mpaka ukweli ulipofika. Mwaka 1848 watoto hao sita waliunganishwa na msafara uliokuwa unaelekea magharibi, wakasafiri zaidi ya kilomita 1,500 katika nyika na milima, wakafika Bonde la Salt Lake mwezi Septemba. Baba yao alirejea kwao mwaka 1849, baada ya zaidi ya miaka miwili.

Katika vitabu vya kanisa lao, habari hii husimuliwa kama kielelezo cha uvumilivu wa waanzilishi, nami siwanyimi watoto wale sifa yao hata kidogo. Ila naona ni haki kusema kwamba wito wowote, hata uwe mtakatifu namna gani, ukimlazimu mtoto wa miaka 12 kuwa mama wa wadogo zake wanne, umemtwisha mtoto huyo deni lisilo lake. Sehemu hii ya magharibi mwa Kenya imeziona nyumba za namna hiyo, hasa katika miaka ambayo ukimwi ulizika wazazi kwa wingi, na dada mkubwa akaacha shule ili wadogo wale. Mtu aliyelelewa hivyo hukua akimtazama mtoto anayezurura kwa jicho tofauti na la wengine. Aurelia mwenyewe hakuandika kwa uchungu juu ya baba yake. Alimheshimu hadi mwisho, na kitabu alichokuja kukiandika kina jina la baba huyo katika anwani yake.

Akiwa na miaka 16, tarehe 27 Machi 1851, aliolewa na Thomas Rogers, kijana waliyefahamiana wakati wa safari ya kuvuka nyika. Wakaenda kuishi Farmington, kilomita 25 hivi kaskazini ya Salt Lake City. Alizaa watoto 12, na watano kati yao walifariki wakiwa wachanga. Katika kumbukumbu zake alikiri kwamba baada ya mazishi yale imani yake ilitikisika, kiasi cha kujiuliza kama Mungu yupo. Kukiri jambo kama hilo katika kitabu cha dini cha karne ya 19, tena kilichoandikwa na kiongozi wa watoto, kulihitaji moyo. Kwangu mimi ukurasa ule ni ushahidi mzuri kuliko sifa zozote kwamba alichofundisha baadaye alikuwa amekipigania ndani yake mwenyewe.

Kufikia mwaka 1878 Farmington ilikuwa imetulia. Reli kutoka Salt Lake City ilipita hapo tangu mwaka 1870, bustani za matunda zilizaa, shule ilikuwepo. Lakini wavulana wa kijiji walimsumbua Aurelia. Walikuwa wakirandaranda hadi usiku wa manane, wakiingia bustani za watu, wakiwa na ulimi mchafu mbele ya wakubwa. Wenzake waliwalaumu wavulana wenyewe. Yeye aliwalaumu wazazi, naye akiwa mmoja wao, halafu akaanza kuwaza kama kuna chombo chochote kinachoweza kuwasaidia wazazi hao.

Shule ya Jumapili ilikuwepo, ni kweli. Robert Raikes alikuwa amezipa shule hizo umaarufu huko Gloucester, Uingereza, tangu mwaka 1780, na kwa Wamormoni Richard Ballantyne alianzisha ya kwanza Salt Lake City mwezi Desemba 1849. Vijana wakubwa nao walikuwa na vyama vyao vya kujiendeleza, vya wasichana na vya wavulana. Waliokosa mahali ni wadogo, na muda uliokosa mwangalizi ni siku za juma. Aurelia alikuwa anafikiria saa zile ambazo mtoto ametoka shule na mzazi hajatoka shamba.

Wakati wa kiangazi mwaka ule, viongozi wa akina mama walikuja Farmington kwa mkutano. Miongoni mwao alikuwepo Eliza R. Snow, mshairi na kiongozi wa wanawake wa kanisa lote, pamoja na Emmeline B. Wells. Mkutano ulipokwisha, walipita nyumbani kwa Aurelia wakingoja treni ya kurudi mjini. Hapo ndipo aliposema lililokuwa moyoni. Aliwauliza wasichana wetu watapata waume wa namna gani ikiwa wavulana wanakua hivi, na kama haiwezekani kuwa na chama cha wavulana wadogo, wafundishwe kuwa wanaume wa maana.

Eliza alikaa kimya kidogo, akasema analichukua. Akalipeleka kwa John Taylor, aliyekuwa anaongoza kanisa baada ya kifo cha Brigham Young mwaka uliotangulia. Taylor akakubali. Eliza akamwandikia John W. Hess, askofu wa Farmington, naye askofu akamwita Aurelia na kumpa kazi aliyoiomba ifanywe. Wazo la mama mmoja wa kijijini lilipita mikono ya wanaume wawili kabla ya kurudi kwake likiwa na ruhusa. Ndivyo kanisa lile lilivyoendeshwa, na ndivyo yalivyo makanisa yetu mengi hata sasa. Lakini inafaa ikumbukwe kwamba swali lilitoka kwa mama, mama mwingine akalibeba, na akina mama ndio waliolifanyia kazi.

Mpango wa kwanza ulihusu wavulana peke yao. Aurelia alipoanza kupanga mikutano akaona kwamba nyimbo hazitakuwa nzuri bila sauti za wasichana, akamwandikia Eliza kuuliza kama wanaweza kualikwa. Eliza akajibu kwamba ni lazima wawepo. Kwa sababu ya nyimbo, basi, mlango ulifunguliwa kwa wote, na nyimbo zimebaki kuwa uti wa mgongo wa Msingi hadi leo.

Tarehe 11 Agosti Aurelia aliwekewa mikono kuwa rais, na washauri wake wawili walikuwa Louisa Haight na Helen Miller. Kijiji kilizungukwa nyumba kwa nyumba na kila mtoto akaandikwa jina na umri. Hapo ndipo ilipotoka ile hesabu ya 224, na hapo pia ndipo uzito wa kazi ulipoonekana: mtoto ambaye jina lake limeandikwa, asipofika, kuna mtu atakayeuliza yuko wapi.

Somo la siku ya kwanza halikuwa la teolojia ngumu. Wavulana waliambiwa wasichume matunda ya watu wala kuingia mashamba ya matikiti. Ilikuwa Agosti, na matunda yalikuwa yameiva. Wasichana waliambiwa wasidandie magari barabarani. Yeyote aliyewahi kuchunga shamba la mahindi mabichi karibu na njia ya kwenda shule, hapa Lugari au popote, ataelewa kwa nini mama yule alianzia hapo. Utii, imani, sala, kufika kwa wakati na adabu vilifuata katika mikutano iliyokuja. Watoto walipewa pia kazi za mikono. Kwa ushauri wa Eliza walipanda maharage na mahindi ya kuwekwa akiba, kwa kuwa kijiji cha wahamiaji hakisahau njaa.

Chama kilienea haraka kuliko alivyotazamia mtu yeyote, na sifa kubwa ya hilo ni ya Eliza R. Snow. Alikuwa na miaka 74, akisafiri kwa treni na kwa gari la farasi kutoka kijiji hadi kijiji, akiunda matawi na kuwatungia watoto vitabu vya nyimbo na maswali. Tarehe 19 Juni 1880 Louie B. Felt aliteuliwa kuwa rais wa Msingi kwa kanisa zima. Wengine wamejiuliza kwa nini hakuteuliwa Aurelia. Yeye alibaki Farmington na watoto wake, na mwaka 1893 akaingia bodi kuu, akaitumikia mpaka kufa kwake.

Louie Felt hakujaliwa kuzaa. Mumewe alioa wake wengine wawili, kama ilivyokuwa desturi ya Wamormoni wakati huo, na Louie akasaidia kuwalea watoto wao kama wanawe. Aliongoza Msingi kwa miaka 45. Mwenzake wa karibu, May Anderson, mzaliwa wa Liverpool, alimrithi mwaka 1925 na kuongoza hadi 1939. Wawili hao walianzisha jarida la The Children's Friend mwezi Januari 1902, kwanza kwa ajili ya walimu na baadaye kwa watoto wenyewe, katika wakati ambao chama hakikuwa na fedha na Louie alikuwa tayari kuiweka nyumba yake rehani. Halafu kukawa na hospitali. Inasimuliwa kwamba walimwona mvulana mlemavu akijikokota barabarani Salt Lake City, wakaanza kuulizana nani anawatibu watoto kama yeye. Mwaka 1911 Msingi ulipata vyumba vya watoto katika hospitali ya kanisa, na mwaka 1922 ukafungua hospitali yake katika nyumba iliyokarabatiwa. Gharama zilibebwa kwa sehemu na senti za watoto: kila mtoto alitoa senti moja kwa kila mwaka wa umri wake siku yake ya kuzaliwa. Jengo kubwa lilifunguliwa mwaka 1952. Kanisa liliachia hospitali zake katikati ya miaka ya 1970, lakini ile ya watoto inaendelea kutibu hadi leo, na jina la Msingi bado limo katika jina lake.

Aurelia mwenyewe hakuishia darasani. Mwaka 1895 alisafiri hadi Atlanta kwa mkutano wa kudai haki ya wanawake kupiga kura, na akahudhuria Baraza la Kitaifa la Wanawake huko Washington. Mwaka 1898 alichapisha kitabu kilichounganisha maisha ya baba yake, maisha yake na historia ya kazi ya Msingi. Bila kitabu hicho tungebaki na tarehe na idadi tu. Makanisa yetu hapa yana akina mama waliofundisha watoto kwa miaka 30 au 40 na hawajaandikwa popote isipokuwa katika daftari la sadaka. Ningependa kila kanisa la Mautuma limkalishe mama mmoja wa namna hiyo na kumwandika angali hai. Aurelia alifariki Farmington tarehe 19 Agosti 1922, akiwa na miaka 87.

Kuna jambo ambalo historia yoyote ya Msingi inayoandikwa Afrika haiwezi kulipita. Kwa zaidi ya miaka 120 kanisa hilo liliwanyima wanaume Weusi ukuhani, na likawazuia Weusi, wanaume kwa wanawake, kupokea ibada za hekaluni. Familia za Weusi ziliweza kubatizwa, lakini wavulana wao hawakuweza kupata walichopata wenzao walipofika umri wa miaka 12. Msingi uliwafundisha watoto kwamba Mungu ni Baba wa wote huku kanisa lenyewe likiwagawa kwa rangi. Kizuizi kiliondolewa mwezi Juni 1978. Miezi miwili baadaye, Agosti, Msingi ulitimiza miaka 100. Kanisa limekwisha kukana hadharani nadharia zilizotumika kuhalalisha ubaguzi ule, na ni vema limefanya hivyo. Maumivu ya walioishi chini yake hayakufutika kwa tamko.

Ndiyo maana kanisa hilo ni geni kwetu kuliko Marafiki, Wakatoliki au Waanglikana. Lilipata usajili rasmi nchini Kenya mwaka 1991. Mmoja wa waliolijenga ni Joseph Sitati, mzaliwa wa Bungoma, jirani zetu kabisa, aliyebatizwa mwaka 1986. Kigingi cha kwanza nchini, yaani muungano wa makanisa kadhaa ya mahali, kilipoundwa Nairobi mwaka 2001, yeye ndiye aliyekuwa rais wake, na mwaka 2009 akaitwa miongoni mwa viongozi wakuu wa kanisa duniani. Mwezi Septemba 2021 alirudi Nairobi kuongoza uzinduzi wa ujenzi wa hekalu, ambalo liliwekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025.

Mikutano ya Msingi ilikuwa ya katikati ya juma hadi mwaka 1980, ilipohamishiwa Jumapili pamoja na mikutano mingine. Mabadiliko hayo yalipunguza safari za familia, hasa zile zinazokaa mbali na kanisa, lakini pia yaliondoa kitu alichokitaka Aurelia, yaani kuwa na watoto siku ambazo hakuna mwingine wa kuwa nao. Leo mtoto huanza chekechea yake akiwa na miezi 18, huingia madarasa ya Msingi anapofikia miaka mitatu, na hutoka mwanzoni mwa mwaka anaotimiza miaka 12. Hakuna mwalimu anayelipwa. Rais wa Msingi katika kila kanisa la mahali, liwe kata au tawi, ni mwanamke anayeitwa kwa muda, mwenye washauri wawili kama Aurelia alivyokuwa nao, naye hutakiwa kujua kila jina katika orodha yake, kutafuta walimu, kuwapangia watoto sala na hotuba fupi za zamu, na kuwaandaa kwa siku moja kila mwaka ambayo mkutano mkuu wa sakramenti huachiwa watoto waimbe na kutoa ushuhuda mbele ya wazazi wao.